Mgeni kutoka Ujerumani anakuja Mwanza kupitia Dar: aandae nini?

Mkazi_wa_Nyegezi
Habari zenu wakuu. Kuna mgeni, nesi kutoka Ujerumani, atatua Dar saa 8 mchana akitokea Addis Ababa. Tiketi ya Mwanza kaikata kando, ndege ni saa 10 na nusu jioni siku hiyohiyo. Atakaa wiki 3 akijitolea kwenye zahanati. Visa aombe mtandaoni au alipie uwanjani? Mzigo utafika Mwanza wenyewe? Na chanjo ya homa ya manjano je?

Ziwani
Karibu mkuu. Nianze na mzigo, maana hapo ndipo wengi wanapokwama. Uhamiaji na forodha vinamalizikia Dar, si Mwanza. Hata begi likibandikwa lebo ya MWZ (yaani Mwanza) kule Ulaya, aulize palepale Dar kabla ya kutoka. Na kwa kuwa tiketi ni mbili tofauti, lazima alichukue mwenyewe, apite forodha, kisha akaliandikishe upya. Ndege za nje zinatua Terminal 3. Za ndani nyingi zinaondokea Terminal 2, kwa hiyo asome tiketi yake vizuri, kwani kuhama kunahitaji gari.

Saa 2 na nusu ni chache mno. Ndege kubwa mbili zikitua kwa pamoja, foleni ya alama za vidole peke yake inaweza kumla saa nzima, na dawati la ndege ya ndani linafungwa mapema kabla ya kuruka. Akiachwa, kampuni ya pili haina deni naye kwa sababu tiketi haziungani. Ahamishie safari usiku, au alale Dar aje asubuhi. Apime pia kilo: uzito unaoruhusiwa ndege ya nje si lazima uwe uleule wa ndani.

Dada_Pasiansi
Kaka, kabla ya yote tazama aina ya visa. Ile ya kawaida ya dola 50 ni ya utalii, kutembelea ndugu, matibabu na mambo ya namna hiyo, hadi siku 90. Kazi haimo, hata ya kujitolea bila malipo. Watu wanadhani kujitolea si kazi. Uhamiaji wanahesabu kuwa ni kazi. Zahanati inayomwalika iende ofisi ya Uhamiaji mkoa iulize kibali kinachomfaa, na iende SASA, kabla mgeni hajalipa chochote. Ada ya visa hairudishwi.

Kisha aombe mtandaoni kwenye visa.immigration.go.tz. Kuna tovuti za mawakala zinazofanana nayo na zinatoza zaidi, kwa hiyo ahakikishe anwani inaishia na .go.tz. Pasipoti iwe na angalau miezi 6 mbele. Makosa ya kawaida ni sifuri kuandikwa kama herufi O kwenye namba ya pasipoti, na jina la ukoo kuwekwa mahali pa jina la kwanza. Aombe mapema, wiki 3 au zaidi kabla, na visa ikitoka aichapishe kwenye karatasi.

Ziwani
Sikuwa nimeona hilo la kujitolea. Dada yuko sahihi kabisa.

Mzee_Ilemela
Homa ya manjano: anayetoka Ulaya haombwi cheti, ila akikaa Addis zaidi ya saa 12 anaombwa, kwani Ethiopia ni nchi yenye ugonjwa huo. Akipanga kuvuka Sirari kwenda Kenya au Mutukula kwenda Uganda kisha arudi, achanje huko kwao. Cheti kinaanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano.

Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku tangu Juni 2019, aiache. Soketi zetu ni za pini tatu bapa.

Uwanja wa Mwanza uko kama kilomita 10 kutoka mjini, hapo hakuna shida, mpokeeni. Mwambieni tu asioge ziwani, hata kutia miguu ufukweni. Kichocho kinaingia kupitia ngozi, na maji yakionekana masafi bado konokono wanaokieneza wamo.

Mkazi_wa_Nyegezi
Asanteni sana. Kesho asubuhi zahanati wanaenda Uhamiaji. Tiketi ya jioni abadilishe kwanza, au asubiri kibali?

Dada_Pasiansi
Asubiri. Kibali kinaweza kusogeza tarehe yote ya safari.