Binti wa miaka miwili na miezi minne hajaacha chuchu bandia: nianzie wapi?

Mama Tumaini, Dar es Salaam

Habari zenu wazazi wenzangu. Naomba ushauri kuhusu binti yangu mwenye umri wa miaka miwili na miezi minne, ambaye bado anatumia chuchu bandia, ile ambayo sisi nyumbani tunaiita nyonyo. Alizoeshwa niliporudi kazini baada ya likizo ya uzazi, kwa kuwa alikuwa akilia sana mchana na dada anayenisaidia nyumbani alishindwa kumbembeleza. Ziwa aliliacha bila taabu alipotimiza miaka miwili, lakini nyonyo imeshindikana. Usiku hulala na mbili: moja huwa mdomoni, na nyingine huishika mkononi akiisugua taratibu juu ya kope mpaka usingizi umchukue. Ya mdomoni ikidondoka usiku wa manane huamka akilia, nasi huamka kuipapasa ndani ya chandarua.

Hayo ya usiku ningeweza kuyavumilia. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba hata mchana huzungumza akiwa nayo mdomoni, maneno yakitokea pembeni kiasi kwamba wageni hawamwelewi, na tena mwaka huu ametoka usaha sikioni zaidi ya mara moja. Mama mkwe ananishauri niipake shubiri au pilipili, kama wao walivyofanya walipokuwa wakiwaachisha watoto ziwa. Jirani anasema niikate ncha ili ikose utamu. Mume wangu anasema ataacha mwenyewe akikua. Nimsikilize nani?

Muuguzi wa kliniki ya watoto, Tanga

Mama Tumaini, pole kwa usiku huo. Nianze na yale ya kuepuka. Pilipili humchoma mtoto mdomoni, na akijifikicha macho kwa mkono uliogusa nyonyo hiyo, nawe umesema huisugua juu ya kope, mtaishia kumwosha macho huku analia. Shubiri sishauri pia, kwa sababu mtoto huimeza, na utomvu wake huweza kumharisha. Kukata ncha ndiyo hatari kubwa kuliko zote, maana mpira uliokatwa huendelea kuchanika, na kipande kikimezwa huweza kuziba njia ya hewa. Wapo pia wanaoichovya kwenye asali au sukari ili kumtuliza mtoto: sukari huoza meno, na asali haifai kabisa kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, kwa kuwa inaweza kuwa na vijidudu vinavyosababisha ugonjwa wa kulegea misuli.

Kuhusu sikio, watoto wanaonyonya chuchu bandia huonekana kupata maambukizi ya sikio la kati mara nyingi zaidi kuliko wasioinyonya, na ndiyo sababu wataalamu wengi hushauri matumizi yaanze kupunguzwa baada ya miezi 6. Hata hivyo usihitimishe kwamba nyonyo ndiyo chanzo pekee. Usaha unaojirudia lazima uonwe na daktari, na asikiaje apimwe, kwa sababu mtoto asiyesikia vizuri huchelewa kusema hata kama mdomo wake hauna kitu. Mimi ningeanza na hilo kabla ya kugusa nyonyo yenyewe.

Sasa kuachisha. Tenganisha mchana na usiku, kwa kuwa ni kazi mbili tofauti. Mchana mtoto wa umri huo huinyonya kwa mazoea au kwa kukosa la kufanya, kwa hiyo mwekeeni kanuni moja rahisi: nyonyo hukaa kitandani, haitoki chumbani. Akiitaka, aende akalale nayo. Mara nyingi ataondoka mwenyewe baada ya muda mfupi, kwa sababu michezo iko nje. Akitaka kusema, mwambie kwa upole aitoe kwanza ndipo umsikie, na ukishasema hivyo subiri kweli, usimjibu nusu nusu. Kanuni hiyo lazima ifuatwe na dada wa kazi, bibi na baba pia, kwani mtoto hutambua upesi ni nani anayelegea.

Usiku ni baadaye, mchana ukishatulia. Hapo nyonyo inamfanyia kazi ya kumlaza, na huwezi kuondoa kitu kinachomlaza bila kuweka kingine. Jengeni utaratibu usiobadilika: aoge, asimuliwe hadithi fupi, apapaswe mgongoni, taa izimwe. Kwa kuwa mkono wake umezoea kushika kitu, mpe kipande cha kanga yako akishike na kukisugua. Kisha zipunguze zile mbili ziwe moja, na siku mtakayoamua iwe ya mwisho mwambieni mchana kweupe, msimwibie akiwa usingizini. Tegemeeni vilio kwa siku kadhaa, na usingizi wa mchana unaweza kuwa mfupi kwa muda.

Baba wa watatu, Mombasa

Nakubaliana na muuguzi katika mengi, ila hili la kupunguza kidogo kidogo halimfai kila mtoto. Wa kwanza wetu tulimlikiza nyonyo hatua kwa hatua, na kila hatua ilikuwa vita mpya. Wa pili tukaona afadhali tukate mara moja. Tulimweleza kwa maneno yake, tukakusanya nyonyo zote zilizokuwamo nyumbani, pamoja na ile ya ndani ya gari na ile iliyosahaulika kwa nyanya yake, akazitia jaani kwa mkono wake mwenyewe. Alilia, hasa usiku wa pili, lakini hakukuwa na mahali pa kuzitafuta tena.

Jambo moja tu ningesisitiza: ukikata, usirudi dukani. Mtoto akilia saa nzima kisha akapewa, amejifunza kwamba saa nzima ndiyo bei yake. Na usianze mambo haya wakati anaumwa, mnapohama nyumba, au wiki anayoanza shule ya chekechea.

Tabibu wa meno, Morogoro

Nijibu hoja ya baba Tumaini, kwa sababu ina ukweli nusu. Ni kweli watoto wengi huacha wenyewe kati ya mwaka wa pili na wa nne. Lakini anayeendelea kupita miaka 3 huongeza uwezekano wa meno ya mbele kutokutana anapouma, na taya la juu kuwa jembamba kiasi kwamba meno ya nyuma hayakai sawasawa. Ule uwazi wa mbele mara nyingi hupungua wenyewe mtoto akiacha mapema, ilhali tatizo la meno ya nyuma halijirekebishi kwa urahisi. Binti yako bado ana muda. Mwambie aume meno, utazame kwa mbele: ukiona pengo kati ya ya juu na ya chini, mlete aonwe.

Mama Tumaini, Dar es Salaam

Asanteni sana nyote. Sikio tutalipeleka hospitali wiki hii, na kanuni ya kitandani nimeshamweleza dada. Ila sikusema kwamba natarajia kujifungua baada ya miezi miwili. Je, nimalize kazi hii kabla, au nisubiri? Na huyo mdogo nimpe au nisimpe?

Muuguzi wa kliniki ya watoto, Tanga

Anza mchana sasa. Ya usiku, kama haijaisha wiki chache kabla ya kujifungua, iache kwanza mpaka nyumba itulie, kwa kuwa kumnyang'anya mkubwa nyonyo wakati uleule anaponyang'anywa nafasi ya kubebwa ni kumwonea.

Kuhusu mdogo, miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 1989 ilikataza kabisa chuchu bandia kwa watoto wanaonyonya. Ile ya mwaka 2018 inataka mama aelezwe matumizi na hatari zake, kisha aamue. Ukiamua kumpa, subiri ziwa lishike vizuri, kwa kawaida wiki tatu au nne, na umpe wakati wa kulala tu, kwani katika mwaka wa kwanza imeonekana kuhusiana na upungufu wa vifo vya ghafla vya watoto usingizini. Usiifunge kwa kamba shingoni, na ichemshe kabla ya kuitumia. Tena ihifadhi mahali dada mtu asipoweza kufika.