TL-WR841N: v13 au v14?

Swali: Wakuu, nauziwa ruta mbili za mtumba za TP-Link TL-WR841N, moja v13 (toleo la 13) na nyingine v14, bei moja. Nataka kuweka OpenWrt (programu huria ya kuendeshea ruta). Nichukue ipi?

Jibu: v13, mkuu. Zote zina chipu ya MediaTek MT7628, ila v13 ina fleshi (hifadhi ya ndani) MB 8 na RAM MB 64. V14 ilipunguzwa hadi MB 4 na 32, nafasi finyu mno kwa OpenWrt za sasa. Kujua toleo, soma lebo iliyo chini ya ruta, usiamini boksi.

Jibu: v13 haipokei OpenWrt kupitia ukurasa wa mipangilio. Ipe kompyuta anwani 192.168.0.225, washa humo seva ya TFTP (programu ya kutuma faili kwa mtandao), faili la OpenWrt liitwe tp_recovery.bin. Chomeka kebo ya mtandao kutoka kompyuta kwenye tundu la LAN la ruta, shikilia kitufe cha reset, ndipo uwashe ruta. Faili liwe la v13 tu!