Hivi Manila wangeuza tu ule uwanja wa Rizal Memorial, kosa lingekuwa wapi?

Kobe_Mzee: Wakuu, pale katikati ya Manila, mji mkuu wa Ufilipino, kuna viwanja vya Rizal Memorial, vya tangu 1934, Babe Ruth wa besiboli kacheza pale, vita ya 1945 ikavibomoa, vikajengwa upya kwa Michezo ya Asia ya 1954. Mwaka 2016 meya Estrada akataka eneo liuzwe ijengwe mall. Watu wakaja juu, 2017 likatangazwa urithi wa taifa, biashara ikafa. Mimi naona wangeuza tu, hela ikajenge viwanja mikoani. Na tusidanganyane, Wafilipino wenyewe wanajua kikapu tu, tena na ufupi wao ule.

Msela_wa_Sharjah: Mada nzuri ila hilo la ufupi umekurupuka. Napiga kazi na hawa watu, siku ya ofu hata jua halijachomoza vizuri wameshajaa kwenye kile kiwanja cha saruji, ringi imepinda, nyavu hakuna, mmoja wa jikoni kwetu ananifika begani na ananipita na mpira nabaki namtafuta.

Kobe_Mzee: Povu la nini mkuu, nimesema uongo?

binti_Moro: Umesema uongo ndio. "Kikapu tu" ni nini? 2022 timu yao ya soka ya wanawake ilichukua ubingwa wa ASEAN, yaani nchi za Asia Kusini-Mashariki, hapohapo Rizal Memorial, Thailand wakala 3-0, mwaka uliofuata wakaenda Kombe la Dunia wakamfunga New Zealand kwao. Uwanja unaotaka uwe mall ndo huo.

Kobe_Mzee: Mechi moja hiyo dada. Siku nyingine zote je?

Chumvi_Nyingi: Mikoani walishajenga. New Clark City, Tarlac, viti 20,000, kwa ajili ya SEA Games 2019, michezo ya nchi hizohizo za Asia Kusini-Mashariki. Mwenge wake peke yake peso milioni 50 na kitu, wananchi wakauita sufuria. Miezi michache baadaye corona hii hapa, kijiji cha wanamichezo kikapokea watu waliotolewa Wuhan. Na huko Rizal ukumbi ukajazwa vitanda vya wagonjwa. Kwa hiyo mzee ungepeleka wagonjwa mall?

Kobe_Mzee: Unahamisha goli. Mi naongelea michezo we unaniletea hospitali.

Msela_wa_Sharjah: Ndo matumizi yenyewe hayo. Kule kila barangay, yaani kama mtaa wetu, ina kiwanja cha kikapu chenye paa. Msiba hapo, harusi hapo, mpunga unaanikwa hapo, kimbunga kikija watu wanalala hapo. Kimbunga Yolanda cha 2013 pale mji wa Tacloban watu kibao walikimbilia Astrodome, maji yakawafuata humohumo wakapanda juu.

Ngumi_Jiwe: Mnaongea viwanja vya Manila hamjautaja ukumbi wa Araneta??? Pambano la ngumi la Muhammad Ali na Joe Frazier, 1975! Mwaka mmoja tu baada ya Ali kumpiga Foreman Kinshasa. Ali alimzimisha Frazier raundi ya 14.

Chumvi_Nyingi: Alimzimisha wapi? Frazier hakulala chini hata kidogo. Kocha wake Eddie Futch ndo aligoma asitoke raundi ya 15, jicho lilikuwa limefunga.

Ngumi_Jiwe: Kugoma kutoka na kuzimishwa tofauti yake nini, ukinyimwa kutoka si umepigwa?

binti_Moro: Tena walipigana asubuhi saa nne na ushee ili Marekani waone usiku wao, paa la bati, taa za TV, joto la kuoka mkate. Bado Ali hajawa fundi wa joto kwenu?

Ngumi_Jiwe: Joto Kinshasa pia lilikuwepo, mbona Foreman alilala?

Kobe_Mzee: Jamani mada yangu! Halafu mwenye uwanja mkubwa kabisa kule ni kanisa, Iglesia ni Cristo, Philippine Arena, viti 55,000. 2023 ufunguzi wa Kombe la Dunia la kikapu waliingia watu 38,115, rekodi. Serikali ya nini kung'ang'ania vigofu?

Chumvi_Nyingi: Ilikuwa rekodi na bado Wafilipino wakafungwa na Jamhuri ya Dominika. Na 2006 pale uwanja wa Ultra, mji wa Pasig, watu zaidi ya 70 walikanyagana wakafa wakipigania kuingia kwenye shoo ya TV. Uwanja mkubwa bila geti la maana ni kaburi, liwe la kanisa au la serikali.

Kobe_Mzee: Hilo nakubali. Ila huyo Estrada alikuwa meya au rais? Maana mnanichanganya.

binti_Moro: Vyote. Rais 1998 hadi 2001 akaondolewa, baadaye akaja kuwa meya. Na kabla ya yote mwigizaji wa sinema.

Ngumi_Jiwe: Mwigizaji kauza uwanja, mzee Kobe kanunua.

Kobe_Mzee: Na wewe Frazier alikuzimisha wewe.