Fotoni (chembe ya mwanga) ina jibu kabla hujaipima? Mjadala

Chembe Huru: Tangu Aspect, Clauser na Zeilinger wapewe Nobel ya fizikia 2022 kwa majaribio ya jozi za fotoni zilizofungamana, kila kona utasikia "uhalisia haupo". Si kweli. Kilichoanguka ni mambo mawili yakishikwa pamoja: kwamba fotoni ina jibu lake kabla ya kupimwa, na kwamba kipimo cha fotoni moja huku hakigusi cha ndugu yake kule. Mwanafizikia Bohm, 1952, aliliacha la pili. Nyie mnaacha lipi? Wanafalsafa wasiowahi kushika leza wasubiri nje.

Binti Mantiki: Tusubiri nje? Bell alipotoa hoja yake 1964 alishika kalamu tu, kaka. Kile kikomo cha 2 mnachojisifu kukivunja, yaani kiwango ambacho majibu ya huku na kule hayawezi kukipita iwapo yako mawili yote ni kweli, kilitoka karatasini.

Chembe Huru: Hicho cha 2 ni cha Clauser, Horne, Shimony na Holt, 1969, dada. Na karatasi haitoi fotoni. Leza ya nanomita 405, fuwele mbili nyembamba za BBO (zinazogawa fotoni moja kuwa mbili) zilizopishanishwa digrii 90, unapata jozi za nanomita 810. Polaraiza (vichujio vya mwelekeo wa mwanga) za huku digrii 0 na 45, za kule 22.5 na 67.5. Nadharia inasema 2.83. Ukipata 1.9 usikimbilie kumtetea Einstein, aliyeshika yote mawili: pengine hujaweka fuwele ya kusawazisha, au dirisha la muda wa kuhesabu fotoni mbili kuwa jozi umelipanua mno, zinahesabiwa jozi zisizo ndugu.

Mzee wa Kona: Jozi zisizo ndugu, hahaa! Lakini Aspect si alishafunga mianya yote ya kulipinga jaribio 1982?

Binti Mantiki: Hapana, mzee wangu. Yeye alibadili njia za fotoni zikiwa safarini, ila ditekta (vinasa fotoni) zilikosa nyingi mno. Kwa kipimo hiki, ditekta zikinasa chini ya asilimia 83 hivi, mbishi bado ana pa kujificha. Mianya ya umbali (huku kuweza kupasha habari kule) na ya ditekta ilizibwa kwa pamoja mjini Delft, Uholanzi, 2015: elektroni ndani ya almasi mbili, kilomita 1.3 kati yake, majaribio 245 tu, jibu 2.42.

Mzee wa Kona: Basi malimwengu mengi ya Everett, kila jibu na ulimwengu wake, yamethibitika.

Chembe Huru: Nani kasema? Everett, Bohm na wafuasi wa Copenhagen (tafsiri ya kawaida ya vitabuni) wote wanatabiri 2.83 ileile. Delft haimchagui yeyote.

Binti Mantiki: Sasa unaongea kifalsafa. Tena Everett haishii kwenye yako mawili. Anaacha na la tatu ulilolisahau: kwamba kipimo huleta jibu moja tu. Swali lako lilikuwa pungufu tangu mwanzo.

Chembe Huru: "Mnachojisifu" ndilo neno ulilotumia. Lifute kwanza.

Mzee wa Kona: Samahani wakuu, hiyo leza ya 405 si ndiyo ya kwenye Blu-ray?

Chembe Huru: Rangi ni hiyohiyo. Vaa miwani yake, hiyo inaharibu jicho kabla hujapepesa.