Albamu kubwa za hadikoo ya Marekani: mbona nasikia makelele tu?

Mgeni_wa_Gitaa:

Wakuu, salaam. Nimekulia kwenye muziki wa gitaa safi, kila ala unaisikia mahali pake. Wiki iliyopita nimejaribu Damaged ya Black Flag, maana kila anayezungumzia hadikoo, ile panki ya kasi na kelele ya Marekani ya miaka ya 80, lazima aitaje. Nimeisikiliza mara mbili mpaka mwisho. Sauti imebanana, gitaa linakwaruza, mwimbaji anapiga kelele kama mtu anayefukuzwa. Sisemi ni mbaya, ila sijashika kinachoifanya iheshimiwe hivyo. Kuna ya kuanzia iliyo rahisi zaidi? Na nyie mnaposikiliza, huwa mnasikiliza nini hasa?

Nyuzi4:

Karibu sana mkuu. Hilo swali la mwisho ndilo lenye uzito, acha nianze nalo.

Mimi napiga besi, na kwa muda mrefu nilidhani hadikoo ni mashindano ya kasi. Nilikuwa nahesabu dakika: Group Sex ya Circle Jerks, 1980, nyimbo 14 ndani ya robo saa. Nikasema basi, shughuli yenyewe ndiyo hiyo. Iliyonizibua masikio ni kaseti ya Bad Brains. Tangu siku ile, nikiweka albamu yoyote ya aina hii nasubiri kitu kimoja: pale wanapopunguza mwendo. Hapo ndipo bendi hujulikana.

Anza na hiyo basi. Inaitwa Bad Brains tu, ilitoka 1982 kwa lebo ya ROIR ya New York, tena kwa kaseti peke yake, jaladani radi inapiga kuba la Bunge la Marekani. Ni vijana wanne Weusi wa Washington waliokuwa wanapiga jazi iliyochanganywa na roki kabla hawajaingia kwenye panki, na vidole vyao vimetoka huko. Nyimbo za mwanzo zinafuatana bila kukupa nafasi ya kumeza mate. Ya tano ni Banned in D.C.: inakimbia, katikati inashuka ghafla, gitaa la Dr. Know linakuwa zito kama gunia lililoloa, kisha wanaondoka tena. Halafu ya sita, Jah Calling. Rege. Hakuna mwimbaji. Besi ya Darryl Jenifer inatembea taratibu, inaacha nafasi kubwa kati ya noti na noti, na ni mikono ileile iliyokuwa inakimbia muda mfupi uliopita.

Nilikuwa nimekaa sakafuni, sikio limegusa spika ya redio. Nilirudisha utepe pale kati ya ya tano na ya sita mara nyingi sana, nikitafuta dalili kwamba kwenye rege wamemwita mpiga besi mwingine. Hakuna. Ni yeye. Kupiga haraka nilikuwa naweza. Kunyamaza kwa kipimo namna ile sikuweza, na mpaka leo najifunza kwake.

Sasa rudi kwenye Damaged ya 1981. Sauti kubanana kuna sababu. Black Flag, watu wa Hermosa Beach, California, walikuwa wamemchukua Henry Rollins mwaka uleule. Kijana wa miaka 20 aliyekuwa akisimamia duka la aiskrimu Washington. Mwimbaji aliyemtangulia, Dez Cadena, hakuondoka, alihamia kwenye gitaa kando ya Greg Ginn. Kwa hiyo yale ni magitaa mawili yanagombea mlango mmoja. Usipambane nayo. Nenda moja kwa moja kwenye wimbo wa mwisho, Damaged I. Bendi inaburuza miguu, Rollins hana kasi ya kujifichia, na unamsikia mtu mzima akivunjika mbele yako. Ukishausikia huo, rudi mwanzo kwenye Rise Above. Utakuta umekuwa wimbo mwingine.

Ile kampuni kubwa ya MCA, iliyotakiwa kuisambaza, ilikataa kwa madai kwamba rekodi inapinga wazazi. Mimi nasikia kijana anayejipiga mwenyewe kuliko mtu mwingine yeyote. Hata picha ya jalada ni yeye na kioo kilichopasuka.

Kondoo_Mweusi:

Nyuzi4 nakuheshimu, lakini kanuni yako inaiacha nje bendi ya Minor Threat, na mimi siwezi kukubali. Albamu yao Out of Step ya 1983 haiburuzi miguu. Inakata. Mpiga gitaa Lyle Preslar anazuia nyuzi, kimya cha nusu pumzi, kisha wote wanaingia pamoja kama mlango unaobamizwa. Mgeni, wewe unayependa kila ala isikike mahali pake, hii ndiyo yako. Don Zientara aliirekodi katika studio yake ya Inner Ear, Arlington, Virginia, na inasikika safi kabisa.

Na kuna jambo ambalo sisi wa Kiswahili tunaliona wazi. Wimbo wenyewe wa Out of Step unataja kutovuta, kutokunywa na kadhalika, lakini kwa Kiingereza maneno yale yalivyokatwa, "don't smoke", huwezi kujua kama mtu anajisemea au anaamuru. Kwetu haiwezekani. Lazima uchague: "sivuti" au "usivute". Bendi ilibishana juu ya herufi moja tu, "I", yaani "mimi". Mpiga ngoma Jeff Nelson alitaka hiyo "I" ionekane, na kwenye maandishi ya nyimbo ikawekwa katika mabano. Ndipo katika toleo la 1983 mwimbaji Ian MacKaye anasimamisha kuimba na kueleza kwa maneno ya kawaida kwamba hatungii mtu sheria. Wangapi walisikia "usivute" na wakaenda kuwanyang'anya wenzao sigara? Inaniuma, kwa sababu albamu nzima inasema "sivuti".

Nyuzi4:

Hilo la "sivuti" sijawahi kulifikiria, asante sana ndugu yangu. Na kile kimya cha nusu pumzi nakupa. Nacho ni kupunguza mwendo, ila kwa kisu.

Mgeni_wa_Gitaa:

Nimerudi. Jana usiku nilizima taa, nikaanza na Bad Brains. Ile ya tano kwenda ya sita nimeirudia mara nne. Damaged I imenitisha kweli, nilitaka kuizima, sikuizima. Out of Step nimeipenda mara moja. Swali: baada ya hapo walikwenda wapi? Mtu huwezi kukimbia namna ile miaka kumi.

Nyuzi4:

Hawakukimbia. Tazama 1984. Black Flag walikuwa wamefungwa na kesi, wakazuiwa kutoa rekodi mpya kwa jina lao hadi lebo waliyogombana nayo ilipofilisika. Walipofunguliwa wakatoa My War, na upande wa pili wote ni nyimbo tatu tu, kila moja zaidi ya dakika sita, za mwendo wa mtu anayetembea kwenye matope. Besi imeandikwa kwa jina la Dale Nixon. Hakuna mtu huyo. Ni Ginn mwenyewe. Sikiliza anavyoshikilia noti mpaka inachoka.

Mwaka huohuo Hüsker Dü wa Minnesota wakatoa Zen Arcade, santuri mbili, hadithi ya kijana anayetoroka nyumbani, na mwishoni kipande kisicho na maneno cha takriban dakika 14. Karibu kila kitu walikipiga mara moja na kukiacha kilivyo. Minutemen wa San Pedro waliposikia wenzao wana santuri mbili, wakarudi studio kuongeza nyimbo ili na wao wafikishe mbili, ndiyo Double Nickels on the Dime. Hapo mwendo hauna tena maana, kuna fanki, kuna gitaa la kienyeji la Kihispania, na besi ya Mike Watt inazungumza wakati wote. D. Boon, mwimbaji wao, alifariki katika ajali ya gari Desemba 1985, ana miaka 27. Mimi huipiga ile albamu yote nikifuata kwa besi yangu, na kila mara nakwama mahali palepale, upande wa kwanza.

Mgeni_wa_Gitaa:

Mahali gani? Nianzie hapo.