Ulinganisho: pot-au-feu, bœuf bourguignon au blanquette, kipi kinamfaa mpishi wa kila siku?

BintiTanga (Lyon)

Ndugu zangu, hamjambo. Huu ni mwaka wangu wa saba Lyon. Ninapikia watu watano, na siku za kazi hufika nyumbani saa moja jioni. Natafuta chakula kimoja cha asili cha Kifaransa ambacho nitakipika Jumapili kwa nyama isiyoumiza mfuko, na ambacho masalio yake yatatufikisha Jumanne. Kwa miezi mitatu nimepika vitatu kwa zamu, na ningependa kuyaweka mbele yenu niliyoyaona ili nipate mawazo ya wengine.

Pot-au-feu ni nyama ya ng'ombe inayochemshwa kwa maji pamoja na mboga. Huchukua kilo moja na nusu na kuchanganya muundi, bega na mbavu, kwa sababu muundi huipa supu uzito, mbavu huipa mafuta, na bega ndilo linalokatika vipande vizuri mezani. Naanza na maji baridi, naengua mapovu kwa upawa mpaka yaishe, kisha natia kitunguu kilichochomekwa karafuu mbili pamoja na fungu la majani ya harufu lililofungwa uzi, ambalo Wafaransa huliita bouquet garni. Karoti, liki na zile figili nyeupe za mviringo ziitwazo navet huingia saa ya mwisho. Jumla ni saa tatu, lakini mikono yangu hufanya kazi kwa nusu saa tu.

Bœuf bourguignon, chakula cha jimbo la Bourgogne, kina kazi zaidi. Nyama hukaangwa kwanza hadi iwe ya kahawia, hunyunyiziwa unga wa ngano, kisha humiminiwa chupa nzima ya mvinyo mwekundu, huku vipande vya nyama ya nguruwe yenye mafuta, vitunguu vidogo na uyoga vikikaangwa kando. Ladha yake ni nzito na inakaa mdomoni. Hata hivyo, kwa hesabu yangu, saa nzima hupita nimesimama jikoni kabla sijafunika sufuria.

Blanquette de veau ni nyama ya ndama ambayo haikaangwi hata kidogo, kwa kuwa mchuzi unatakiwa ubaki mweupe. Mwishoni supu yake hufanywa nzito kwa siagi na unga, na hukamilishwa kwa krimu na viini vya mayai. Huliwa kwa wali, na kwa sababu hiyo wanangu walikipenda kuliko vyote. Lakini mara ya pili mchuzi ulinikatika: niliuona ukigeuka chengachenga za yai ndani ya maji, wageni wakiwa tayari wamekaa mezani. Sikuelewa nilikosea wapi, na tangu siku hiyo nakiogopa.

Ninyi mngechagua kipi?

MwanaMvita (Mombasa)

Dada, nakushukuru kwa kueleza kwa makini. Naomba niongeze kigezo ambacho hukukitaja, nacho ni uhalali wa chakula kwa familia za Kiislamu. Husemwa mara nyingi kwamba pombe huisha yote motoni. Si kweli, kwani sehemu yake hubaki hata baada ya nyama kutokota zaidi ya saa mbili. Nilijaribu bourguignon kwa juisi ya zabibu iliyotiwa siki kidogo, na bila nguruwe. Mchuzi ulikuwa mtamu kwa maana ya sukari, na ule ukali wa mvinyo unaoikata ladha ya mafuta haukuwepo. Ni mchuzi unaolika, lakini singeweza kumwambia mgeni kuwa ni bourguignon.

Kwa hiyo naona ni afadhali kupika chakula ambacho tangu asili hakihitaji kubadilishwa kuliko kukinyang'anya chakula kingine roho yake. Pot-au-feu hakina mvinyo wala nguruwe. Blanquette pia hupikika bila mvinyo. Ndama huku si rahisi kupatikana, nami hutumia kuku wa kienyeji, ambaye lazima atokote saa moja na nusu hivi mpaka alainike.

MtuWaBukavu (Brussels)

Naheshimu hoja ya MwanaMvita, na kwa familia yake ni hoja inayofunga mjadala. Kwa wale ambao mvinyo si tatizo kwao, hata hivyo, naona bourguignon imehukumiwa haraka mno. Chakula hiki hakipikwi Jumapili asubuhi. Hupikwa Jumamosi jioni, hulala mahali pa baridi usiku kucha, na Jumapili kinachobaki ni kukipasha moto polepole. Mafuta huwa yameganda juu, unayaengua kwa kijiko kwa wepisi, na nyama imekwisha kunywa mchuzi. Asiyekila siku ya pili bado hajakijua.

Kuhusu ile saa nzima ya kusimama, huenda, dada, unatia nyama yote kwa pamoja. Nyama ikijazana kwenye sufuria hutoa maji, ikachemka katika maji yake badala ya kukaangika, na utangoja hiyo rangi ya kahawia mpaka uchoke. Ikaushe kwa kitambaa, kisha uikaange mafungu manne, vipande visigusane. Mimi hutumia dakika ishirini na tano. Ile rangi inayobaki imegandia chini ya sufuria usiioshe: mwagia mvinyo na uikwangue kwa mwiko, kwani humo ndimo ladha ilimo. Ukipata mashavu ya ng'ombe, yachukue badala ya bega, maana baada ya saa tatu hulainika na bado hayachambuki ovyo.

MpishiMstaafu (Marseille)

Binti, nimefanya kazi katika majiko ya mikahawa ya huku kwa miaka mingi, na nakuomba nianze na ule mchuzi uliokatika, maana nahisi ndio uliokutoa moyo.

Wewe ni mtu wa Tanga, unalijua tui la nazi. Unajua kwamba tui zito hutiwa mwishoni, na kwamba ukiliacha lichemke bila kulikoroga litakatika. Viini vya mayai ni hivyo hivyo, ila vyenyewe ni vikali zaidi. Kiini huanza kuganda kwenye nyuzijoto 65 hivi, na ukikimimina katika mchuzi unaochemka kitaiva kabla hakijachanganyika. Changanya viini viwili na krimu kwenye bakuli. Ipua sufuria. Chota upawa mmoja wa mchuzi wa moto, umimine ndani ya bakuli kidogo kidogo huku unakoroga, kisha upawa wa pili. Sasa ndipo urudishe yote kwenye sufuria, nje ya moto, na usiuchemshe tena. Kamulia limau mwishoni. Masalio ya blanquette nayo yapashwe kwa moto mdogo mno, na kwa sababu hiyo mimi sikihesabu kuwa chakula cha kulala.

La pili linavihusu vyote vitatu. Kinachoamua ni moto kuliko nyama. Ugumu wa muundi na bega hutokana na kolajeni, yaani zile nyuzi ngumu zinazoishikilia nyama, ambayo hugeuka jelatini, ute laini, polepole ikiwa katika joto la wastani kwa muda mrefu. Maji yakichemka kwa nguvu, nyuzi za nyama hujikaza na kutoa maji yake, na mafuta huvurugika ndani ya supu ikawa na ukungu. Inama uutazame uso wa maji: yanapaswa kutetemeka tu, na kiputo kimoja kiinuke hapa, kingine pale, kwa kusitasita. Ukisikia sufuria inanguruma, umekwisha kuchelewa, punguza moto.

MchuziMzito (Dar es Salaam)

Shikamoo mzee. Nina swali kuhusu sufuria ya presha, kwa sababu saa tatu za gesi kwetu ni gharama, na moto wa mkaa hauwezi kutetemeka kwa saa tatu bila mtu wa kuuangalia.

MpishiMstaafu (Marseille)

Marahaba. Itumie bila wasiwasi. Wafaransa wenyewe wanaitumia majumbani kwa miongo mingi, na kampuni ya SEB ilianza kuuza Cocotte-Minute mwaka 1953. Kwa pot-au-feu, nyama ipate dakika hamsini, kisha ufungue, utie mboga, uendelee dakika kumi. Supu haitakuwa angavu kama ile ya moto mdogo, lakini nyama italainika. Engua mapovu yote kabla hujafunga kifuniko. Blanquette pia inawezekana, ila hatua ya mayai ifanywe sufuria ikiwa wazi. Kwa bourguignon sikushauri, kwa sababu mvuke hautoki na mvinyo hubaki mbichi mdomoni.

MkulimaWaKarafuu (Pemba)

Naingia kwa neno moja tu kuhusu hizo karafuu mbili. Mfaransa Pierre Poivre, mzaliwa wa Lyon huko huko unakoishi, ndiye aliyetuma watu kuchukua miche ya mkarafuu kutoka visiwa vya Maluku, ikafika Mauritius mwaka 1770. Kutoka visiwa vilivyokuwa vya Wafaransa huko Bahari ya Hindi, kama Mauritius, ndipo mkarafuu ulipovuka kuja Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, kisha kwetu Pemba. Nimefurahi kuikuta karafuu ndani ya sufuria hiyo. Mbili zinatosha, maana ukizidisha hutasikia ladha ya nyama.

BintiTanga (Lyon)

Mzee, shikamoo, na wote nawashukuru. Nimerudi baada ya majuma matatu.

Blanquette nimeipika tena kwa njia ya kulitunza tui, na haikukatika. Itakuwa chakula cha wageni, kwa sababu inataka iliwe siku ile ile. Bourguignon nimeikaanga kwa mafungu manne, nikailaza usiku, na nakubaliana na MtuWaBukavu kwamba siku ya pili ni chakula kingine kabisa. Tutakila mara moja kwa mwezi katika baridi.

Lakini Jumapili yangu nimeipa pot-au-feu, na kilichoamua ni yale yanayofuata baada yake. Jumapili tunakunywa supu kwanza, kisha nyama na mboga kwa haradali, chumvi ya mawe na matango madogo ya siki. Jumatatu supu iliyobaki naitia tambi. Jumanne nyama naichambua, naikaanga na kitunguu, naifunika kwa viazi vilivyopondwa na kuitia kwenye oveni. Ndiyo hachis Parmentier, yenye jina la yule Parmentier aliyewahimiza Wafaransa kula viazi katika karne ya 18. Jikoni nasimama Jumapili tu, na kwa muda mfupi Jumanne.

Safari hii muuza nyama alinipa na mifupa miwili yenye uboho. Nilipaka chumvi kwenye ncha zake ili uboho usitoke, nikaitia dakika ishirini za mwisho. Mwanangu mdogo aliugonga mfupa kwenye sahani, uboho ukateleza mzima juu ya mkate uliochomwa, akaunyunyizia chumvi, akala kimya. Alipomaliza, aliuliza kama wa pili una mwenyewe.