Mjadala: Ukishainunua mashine ya gemu, kufuli lake ni la nani?

Mleta mada: Kufuli hapa ni ulinzi unaozuia mashine kuendesha programu ambayo kampuni haijaidhinisha. Nasema ni la mnunuzi. PS3, mashine ya gemu ya Sony, ilipotoka 2006 iliruhusu kuweka Linux, mfumo endeshi huru wa kompyuta. Tarehe 1 Aprili 2010 Sony wakaiondoa kwa sasisho la 3.21, aliyekataa sasisho akafungiwa kucheza mtandaoni. Desemba hiyohiyo, Berlin, kundi la wadukuzi la fail0verflow likaonyesha kufuli lilivyooza. Programu za PS3 hutiwa saini ya kidijitali kwa ECDSA, njia ya hesabu inayotoa saini yenye namba mbili, r na s, kutokana na hashi (namba ya muhtasari wa programu), na kila saini hudai namba mpya ya kubahatisha. Sony walirudia ileile. Weka saini mbili pamoja uone: sehemu ya r inafanana. Chukua tofauti ya hashi, gawanya kwa tofauti ya s, namba ya siri imetoka. Izidishe kwa s, toa hashi, gawanya kwa r: ufunguo wa kampuni wa kutia saini huo mkononi. Waliouziwa Linux kisha wakanyang'anywa walikuwa na haki ya kuirudisha.

Mchangiaji wa pili: Mkuu, hesabu sawa, lakini ufunguo ule haukuchagua mtu. Uliomrudishia huyu Linux ndio uliompa yule gemu za wizi. Na kuubadili si rahisi: diski zilizokwisha kuuzwa zina saini zake, ukiufuta unaziua zote.

Mchangiaji wa tatu: Mnasahau mafundi. Kwenye Xbox 360, mashine ya gemu ya Microsoft, kisoma diski kina ufunguo uliofungwa na bodi kuu. Kikifa ukaweka kingine, hata cha modeli ileile, mashine inawaka ila diski ya gemu inaionyesha kama DVD ya filamu. Dawa ni kuhamisha bodi ndogo ya kisoma cha zamani kwenda kwenye kipya. Inua kwanza kibano cha utepe wa lenzi, ukiuvuta kwa nguvu unachanika. Bodi hiyo ndogo ikiwa imeungua, ufunguo unabaki kwenye bodi kuu tu, nyuma ya kufuli. Kuufikia ni kwa RGH, mbinu ya kuichanganya mashine kupitia riseti: prosesa inapunguzwa kasi, kisha mpigo mfupi mno unapigwa kwenye waya wa riseti hashi zikilinganishwa, ulinganisho ukosee na kupitisha programu isiyo na saini. Mpigo ukiwahi au kuchelewa haiwaki, inajaribu tena. Huo nao ni wizi?

Mchangiaji wa pili: Hapana ndugu, hapo nakubali. Hata Marekani tangu 2021 wanaruhusu kuvuka kufuli ili kutengeneza kisoma diski, mradi ulirudishe.

Mchangiaji wa tatu: Wanaruhusu kazi, lakini kumuuzia fundi kifaa cha kuifanyia bado ni kosa kwa sheria yao ya hakimiliki ya 1998 (DMCA). Atengeneze kwa kucha?